Muhogo Mkavu Nyuma ya Mlango

Nilipopanga chumba Msambweni, furaha yangu ya kwanza ilikuwa ufunguo. Kwa mjomba wangu kule Kwale tulilala vijana wanne chumba kimoja, na mlango wetu ulikuwa pazia. Sasa nilikuwa na mlango wa mbao, na ufunguo nimeutia uzi shingoni, kila nikiinamia cherehani unanigonga kifuani. Fundi wangu, tuliyeshona naye mapazia ya nyumba za Wazungu wa Diani, aliniona nacheka peke yangu akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia nimepata chumba.

Mjomba hakupendezwa. Alisema mtu hahami kwao kwa ajili ya mlango, huhama kwa ajili ya mke. Lakini hakunizuia. "Nenda ukajaribu, mpwa wangu. Ukiona umeshindwa, rudi. Hakuna atakayekucheka ila mimi."

Basi nikaanza kujichagulia mambo. Nikachagua kitanda cha kamba badala ya mkeka, taa ya chemni badala ya kibatari. Nikachagua kula saa niipendayo. Kitu kimoja tu niliogopa kununua: mbuzi ya kukunia nazi. Niliishika sokoni nikairudisha. Mwanamume kukalia mbuzi akakuna nazi, watu wangesemaje? Muhogo wangu nikauchemsha kwa chumvi, nikaula mkavu.

Ikaingia Ramadhani. Mtaa ule, kila magharibi, wanaume walitandika mkeka kwenye baraza ya jirani yangu mvuvi, na kila nyumba ikatoa sahani yake: mbaazi za nazi, viazi vitamu, kaimati, samaki wa kupaka. Walinialika siku ya kwanza. Nikasema ahsanteni, futari yangu iko ndani. Ningeuwekaje muhogo ule kando ya tui lile? Na kwenda mikono mitupu nilishindwa pia. Nikafunga mlango, nikafungua saumu kwa maji, nikatafuna huku nikiwasikia wakicheka upande wa pili wa ukuta. Mlango wangu ulikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Hata vijiko nilivisikia.

Siku zikapita, salamu za mtaani zikawa fupi. Fundi ndiye aliyenieleza, macho yake yakiwa kwenye kitambaa: watu wanasema kijana yule hafungi. Mtu aliyefunga ajifungie ndani magharibi kwa nini? Nilicheka, kisha mshono ukanipinda. Nilikuwa na njaa tangu alfajiri, na njaa yenyewe hakuna aliyeijua. Jioni ile nikazifunga nguo zangu kwenye shuka. Kucheka kwa mjomba niliona afadhali.

Nilikuwa uani naepua sufuria alipopita mama mwenye nyumba. Akainua kifuniko.

"Mwanangu, hiki ndicho unachofuturia?"

"Ndicho, mama."

"Bila nazi?"

"Sina mbuzi."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Na mdomo wa kuazima huna? Mbuzi yangu imelala jikoni mchana kutwa. Haya, peleka hicho hicho nje. Jua hilo linazama."

Nikakipeleka. Mvuvi aliponiona na sahani yangu alisogea kunipa nafasi.

"Alhamdulillahi," akasema, "leo mwali katolewa ndani."

Wakacheka wote. Yeye ndiye aliyechukua kipande cha kwanza. Alitafuna kwa muda mrefu, akasema ule ungefaa kuwa nanga, kisha akachukua bakuli lake la mbaazi akalimimina tui lote juu ya muhogo wangu. Macho yalinijaa. Nikasingizia pilipili.

Nilidhani baraza ile imekuwa yangu. Idd ilipokwisha, mkeka ukakunjwa, na kila mtu akarudi kula na mkewe na wanawe. Hakuna aliyenitenga, ila mwezi ulikuwa umekwisha. Shuka yangu ya nguo ilikuwa bado imefungwa, chini ya kitanda.

Nikaenda sokoni, nikanunua mbuzi. Nikaikalia pale mlangoni pangu, mlango wazi, nikakuna. Wanawake wawili waliopita walijifunika midomo kwa buibui, mabega yakawatikisika. Nikaendelea kukuna. Tui likatoka jingi, na muhogo nikaupika mwingi, maana kupimia mtu mmoja sijajua mpaka leo. Nikakaa kizingitini na sahani.

Mvuvi akapita na samaki wake mkononi.

"Karibu," nikamwambia.

"Starehe, baba," akajibu, akapita. Hatua chache akarudi, akachukua kipande kimoja, akala akiwa amesimama.

"Huu sasa muhogo," akasema, akaenda kwake.

Akapita mwingine, nikamkaribisha. Starehe. Na mwingine. Giza lilipoingia nikaifungua shuka, nikazitundika nguo kwenye msumari. Nusu ya sufuria ilikuwa imebaki.