Kazi ya Baba Zahanatini

Baba alikuwa karani. Oktoba 1990, vita vilipoanza mpakani, askari wa serikali walimkamata pamoja na Watutsi wengine wengi. Alipotoka gerezani miezi mitano baadaye, meza yake ofisini ilikuwa imepewa mtu mwingine. Alizunguka Kigali nzima akitafuta kazi. Aliyoipata ilikuwa ya kusafisha vyoo katika zahanati ya kanisa, mtaa wa Nyamirambo, karibu na nyumbani.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Jioni moja nilipita pale na wenzangu wa shule. Baba alikuwa nje, suruali ameikunja, brashi mkononi. Aliniita. Mwenzangu mmoja akauliza, "Yule mzee ni nani?"

"Simjui," nikasema.

Baba alisikia. Alichukua ndoo yake akarudi ndani.

Nyumbani hakuligusia. Alinawa, akasali kabla ya kula kama kawaida, akawaombea wagonjwa wa siku ile. Nilishindwa kuitikia amina. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini anajichosha kusugua hivyo, na watu watachafua tena muda huo huo.

"Mtu anayeharisha anaingia mle peke yake," alisema. "Muuguzi hamfuati, wala mkewe. Ofisini nilikuwa naomba saa ya kutoka ifike. Hapa naomba yule mtu akute pasafi. Sijawahi kumwomba Mungu jambo la maana hivi kuhusu kazi, mwanangu."

Sikumwomba msamaha, siku ile wala mwaka ule.

Mkesha wa Pasaka ya 1994 nilimfuata kazini bila kuitwa, nikamtekea maji tangu asubuhi. Mchana akanipa brashi. "Anzia pembeni," alisema. Tulisugua pamoja hadi jioni. Nilidhani ameelewa, nikaona neno la msamaha naweza kulisema siku nyingine.

Siku chache baadaye mauaji ya Watutsi yakaanza. Mama alimsihi asitoke. Akajibu kwamba kuna wagonjwa wamelala kule na maji yamekatika. Walimuulia njiani.

Mama na mimi tulifichwa na jirani yetu Mwislamu hadi Julai. Zahanati ilipofunguliwa tena, haikuwa hata na milango. Sista aliyebaki alikuwa akitafuta mtu wa usafi. Nikaenda.

Asubuhi nyingi nilijaribu kusali nikiwa nimepiga magoti pale sakafuni, maneno yakakataa. Basi nilisugua tu, polepole, hadi mgonjwa wa kwanza alipoita hodi, nikasimama nikampisha.