Isale kwa Mkono wa Kushoto

Jana fundi wa dari alichanganya jipsam sebuleni kwangu, na ile harufu ya chokaa iliyolowa ikanitoa nje. Ndivyo ilivyonuka plasta ya mkono wa mdogo wangu.

Tulikuwa tunapandisha mlima na majani ya ng'ombe kichwani. Alinichelewesha, nikamsukuma. Aliangukia mkono wa kulia, mfupa ukavunjika juu ya kiwiko. Alimwambia mama ukweli; nilikana, nikachapwa.

Hospitalini Moshi, daktari alituonyesha picha. Ndani ya mfupa kulikuwa na uvimbe wa maji, umeula mfupa ukabaki mwembamba kama ganda la yai. Alisema wataufunga mkono plasta kwanza, pengine tundu hilo la mfupa litajiziba. Lisipojiziba watachoma sindano ya dawa humo humo, au watampasua, waukwangue uvimbe na kujazia mfupa kidogo kutoka kwenye nyonga yake.

"Ungevunjika hata kwa kitu kidogo," alisema.

"Si nilikwambia, mama?" nikadakia. "Umevunjika wenyewe. Mimi sikumgusa."

Mama aliniamini. Tulipofika nyumbani alimwambia mdogo wangu kwamba amenisingizia, akachume jani la isale aje kuniomba msamaha. Kwetu Uchaggani, ukiletewa isale hukatai.

Alinikuta bandani kwa ng'ombe. Plasta ilikuwa haijakauka vizuri, inanuka. Alininyooshea lile jani, macho chini.

"Dada, nisamehe," alisema. "Na unisamehe nakupa kwa mkono wa kushoto."

Nikalipokea.