Mapipa Matatu ya Wageni

Mapipa yale yalinunuliwa kwa ajili ya wageni, na hilo nitalisema mpaka nizikwe. Wageni wenyewe ni wakaguzi wanaokuja kiwandani kwetu kila mwaka kuangalia kama chai yetu bado inastahili nembo ya kutunza mazingira. Kabla hawajafika, ukumbi wa kupakia chai uliota mapipa matatu: la kijani, la buluu na jeusi. Meneja alinichagua niyasimamie kwa sababu, alisema, mimi huwa naongea sana.

Nami nikaamini. Hilo ndilo linaniuma zaidi. Niliwasimamia wenzangu mpaka nikawa kero: karatasi huku, nailoni huku, uchafu usiofaa kitu kule. Waliniita Waziri wa Takataka, wakaniuliza msafara wangu uko wapi. Lakini walitenga. Hata mafundi wa boila, watu wabishi kupindukia, waliniletea magunia matupu ya chumvi, ile ya kulainishia maji. Nilikuwa nayakunja vizuri na kuyafunga kwa kamba ya buluu, mafundo mawili, jinsi mama alivyonifundisha kufunga kuni. Nilijua yanaenda kwa mtu wa kuyeyusha plastiki huko Kericho.

Kumbe mtu huyo aliwahi kuja, askari wakamrudisha getini. Kiwandani kwetu hakitoki kitu, hata takataka, kwa sababu zamani kuna walioiba chai wakiificha chini ya taka. Wanawake walioomba mifuko mibovu wapandie miche walifukuzwa. Mimi mwenyewe, kila jioni, askari alifungua mkebe wangu wa chakula akachungulia.

“Madam, sio mimi. Ni sheria ya kampuni,” alikuwa akiniambia.

Sasa sikia sheria hiyo ilivyofanya kazi. Geti lilifungwa mbele, na nyuma trekta la kiwanda likapita kwenye pengo la ua, ambako hakuna askari, likamwaga mapipa yote matatu pamoja kwenye bonde. La kijani, la buluu na jeusi, yote rundo moja. Chini ya bonde hilo ndipo mama yangu analisha ng'ombe wake.

Sikujua mpaka mama aliponipigia simu.

“Ng'ombe imekataa kula,” alisema. “Tumbo imefura, na hata kucheua imewacha.”

Ng'ombe alikuwa mmoja tu, na alikuwa karibu kuzaa. Daktari wa mifugo alihangaika naye hadi akaishiwa na dawa na maneno. Mnyama alikufa amemwangalia mama. Daktari alipompasua ili tujue alikuwa na nini, alitoa tumboni bonge la nyuzi nyeupe za magunia. Ndani yake kulikuwa na kamba ya buluu. Mafundo mawili. Nilihisi hasira ambayo haijanitoka hadi leo.

Ng'ombe wanapenda chumvi. Huku kwetu mtoto anajua hivyo kabla hajajua kusoma, maana ndiye anayewapeleka ng'enda, kulamba udongo wa chumvi. Meneja si mgeni. Ni mtoto wa huku huku, alichunga kama sisi. Ukitupa magunia ya chumvi mahali penye ng'ombe, umewaita kwa majina. Asiniambie hakujua. Alijua, ila ng'ombe hakuwa wake.

Mama hakulia. Aliinamisha kichwa, akaangalia sufuria ya kukamulia ambayo alikuwa ameiosha asubuhi.

“Sasa watu wakikuja kwangu nitawapea strungi?” aliuliza.

Kwetu, kumpa mgeni chai bila maziwa ni kumwambia umeanguka.

Kesho yake nilitia lile bonge kwenye beseni nikaenda nalo kazini. Askari hakuuliza. Kazi yake ni kukagua kinachotoka. Meneja alikuwa kando ya mapipa, amevaa tai, akiyafuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe. Nilisimama mbele yake.

“Meneja, hii inaingia pipa gani?”

Alitazama ndani ya beseni. Aliitambua kamba ile, niliona alivyoitambua.

“Hii umetoa wapi?”

“Kwa tumbo ya ng'ombe ya mama yangu.”

Aligeuza macho mlangoni. Gari la wakaguzi lilikuwa linaegeshwa.

“Pole,” alisema kwa sauti ya chini. “Lakini peleka hiyo kitu huko nyuma, haraka. Wageni wamefika.”

Huko nyuma. Nilibeba beseni langu nikapita mbele, nikaliweka katikati ya ile meza ambapo wageni walikuwa wameandaliwa chai ya maziwa.