Dinari Niliyoipiga Tupa

Kaka yangu mkubwa alinunua sarafu ya fedha ya Kirumi kwa mzee mmoja wa Columbus, akarudi nayo kwake Louisville. "Dinari yenyewe, ile ya Kaisari kwenye Injili," aliniambia kwa simu. Wiki nzima alikuwa mpakia mizigo ghalani. Jumapili alifundisha watoto kanisani, na watoto wenyewe ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu. Dinari ilipokuja, walianza kumsogelea.

Mimi roho iliniuma. Tulikwisha kudanganywa vya kutosha tangu kambi ya wakimbizi. Tena huku Buffalo nilifanya kazi katika kiwanda cha kupaka nikeli kwenye vyuma, ganda la kupakwa nalijua. Nilipomtembelea niliipima kwenye mizani ya jikoni, ikawa nyepesi mno. Ukingoni palikuwa na kigamba kilichobanduka.

"Yaya," nikamwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, "hii ni ya uongo."

"Donc, yaani mimi niko nadanganya watoto ya Mungu?"

Akabeba chakula chake, akaenda kazini. Mtu mbishi yule! Kwa hasira nikachukua tupa, nikakwangua ukingo mpaka ndani. Shaba tupu. Aliporudi nikamwonyesha. Alinipa tu nikairudishe Columbus, nikiwa njiani kwenda Buffalo.

Muuzaji aliitazama kwa kioo cha kukuzia, uso ukamshuka.

"Bandia, ndiyo. Lakini aliyeighushi aliishi zama za Kaisari. Ona kutu ya kijani ilivyojipenyeza chini ya fedha. Hiyo ni kazi ya karne nyingi. Nilimwandikia yote kwenye kadi. Nani ameikata?"

Kadi hiyo nilikuwa nimeiona mezani kwa kaka. Nilidhani ni tangazo la duka. Nilijichukia njia nzima.

Nikampigia. "Yaya, ni ya wakati wa Kaisari kweli. Nimeiharibu."

"Bon, sawa. Nirudishie."

Nikaituma kwa posta. Miezi ikapita, hatukuizungumzia tena, nami nikajiambia yamekwisha. Jumapili moja nilimtembelea tena Louisville, nikakaa nyuma darasani kwake. Msichana mdogo aligusa pengo la tupa, akauliza nani alifanya hivyo. Kaka akaninyooshea kidole.

"Ulimusamehe?" mtoto akauliza, kwa Kiswahili.

"Bado hajaniomba."