Mawe Yetu, Mkasi Wao

Juzi asubuhi nilitoka mtaani Kisenyi bila mpango wowote, nikajikuta gatini Port Bell. Vijana walikuwa wakipakia botini bango kubwa la wafadhili, liende visiwani. Hasira ikanipanda palepale.

Kisiwani kwetu, nilipokuwa mtoto, nyumba ya kujifungulia ilijengwa na kikundi cha akina mama. Mama yangu alibeba mawe kichwani kutoka ufukweni. Wafadhili walileta mabati na mlango. Alasiri ya uzinduzi palinukia rangi mbichi na kuku wa kukaanga. Wageni walikata utepe, wakala, wakapiga picha, kisha wakafunga kufuli na kuondoka na ufunguo, eti mpaka mkubwa wao aidhinishe.

"Sisi tumebeba mawe, wao wamebeba mkasi," mama alisema.

Kabla boti yao haijapotea machoni, shangazi alishikwa na uchungu. Mama akaokota jiwe, akaanza kuipiga ile kufuli.

"Mama, acha, watakufunga jela ya Luzira," nililia. Niliamini kwamba mwenye ufunguo ndiye mwenye nyumba.

"Wakija, waambie niko ndani," alijibu, huku akiendelea kupiga.

Sasa najua nyumba ilikuwa yetu tangu jiwe la kwanza, na kama kuna aliyestahili jela, alikuwa kwenye ile boti, ameshiba kuku wetu.

Kufuli ilivunjika. Ndani hamkuwa na kitanda hata kimoja. Wanawake walivua leso zao, wakazitandika juu ya saruji, na shangazi akalala.