Vifuniko vya Gitaa la Mujomba Sumaili

Sisi tuliosoma Kasongo wakati wa Wabeleji, baba zetu wakilazimishwa kulima pamba na sisi tukilazimishwa kunyamaza, tulikuwa na adabu, jamani. Lakini tusijidanganye, wizi tulikuwa nao vilevile. Ulikuwa wizi mdogo tu: kijiko cha sukari, nusu andazi, ukoko wa wali aliowekewa mwenzio. Mimi niliiba kitu ambacho leo mjukuu wangu hata asingeinama kukiokota.

Nianze na gitaa. Bwana Asumani, muuza nguo, aliliagiza kutoka Ulaya. Likaja kwa meli, likaja kwa treni, likamalizia safari kwenye kamyo, yaani lori, juu ya magunia ya mchele. Lilikuwa gitaa la besi, la umeme, na kwetu lilikuwa halijaonekana kamwe: nyuzi nne nene, na juu ya nyuzi vifuniko viwili vya chuma vinavyong'aa. Alimpa mujomba wangu Sumaili, mdogo wake mama, aliyekuwa akishona kwenye baraza ya duka lake na usiku wa sikukuu akipiga gitaa la kawaida. Harusi ya binti wa Bwana Asumani ilikuwa karibu, na wageni walialikwa kutoka Nyangwe, Wamaza mpaka Kabambare.

"Ukipiga muzuri siku ile, gitaa iko ya mikono yako," alimwambia. "Ukinipatisha haya, ninapa mutu mwingine."

Basi mtaa mzima ukaanza kubishana: vile vyuma ni vya kazi gani? Vijana walisema ni vioo, na kweli walikuja kuchania nywele mbele yavyo. Bibi yangu alikitazama kile kikubwa, akasema kikigeuzwa juu chini kitafaa sana kuwa chetezo cha ubani, na akakiomba bila haya. Baba alikata shauri kwa maneno machache: "Wazungu wanapenda kufunika. Hata gitaa wanaivalisha."

Nilimsumbua mujomba kwa maswali mpaka akachoka. Akachukua turnevisi, yaani bisibisi, akaondoa visi vilivyokaza vifuniko, akanionyesha. Kifuniko kidogo cha katikati kilizifunika sumaku zinazosikiliza nyuzi, kikazikinga na mvumo wa umeme, na mpigaji akapata pa kuegesha mkono. Kile kikubwa, kule nyuzi zinakofungiwa, kilificha kipande cha sponji kilichozibana nyuzi kwa chini.

"Bila hii, sauti inalia haimaliziki," aliniambia. "Na hii, inapiga mara moja, inanyamaza. Ni ngoma sasa." Nikaigusa ile sponji. Lo, ilikuwa laini!

Wenzangu wa rika mtanielewa. Shuleni kwa masista tuliandika kwa kalamu ya jiwe juu ya kibao cheusi, na kibao kilitaka kufutwa. Wenye bahati walikuwa na kitambaa chenye maji. Sisi wengine tulitema mate, tukafuta kwa kiganja, na sista akikuona alikuchapa rula juu ya kiganja kilekile. Nilichapwa karibu kila siku. Na nyumbani sikuthubutu kulalamika, maana Baba hakutaka hata kidogo mtoto wa Kiislamu, tena wa kike, asome kwa masista. Mujomba Sumaili ndiye aliyembembeleza miezi mitatu mpaka akakubali kwa sharti: "Siku nikisikia amegusa kitu cha mutu, shule basi. Atakaa na mama yake kutwanga majani ya sombe."

Ijumaa, kesho yake ikiwa harusi, wanaume wakiwa msikitini, niliingia chumbani kwa mujomba, nikafungua visi vya gitaa kwa ncha ya kisu cha jikoni, nikatoa sponji, nikarudisha kifuniko nikakikaza vizuri kabisa. Sikuona kama nimeharibu kitu. Kwa akili yangu, chuma chenyewe ndicho kilikuwa na kazi kubwa. Jumamosi asubuhi kibao changu kiliwaka kwa usafi, na sista akanisifu mbele ya darasa.

Alasiri yake ikawa harusi. Mashine ya umeme ikanguruma, mujomba, aliyeshinda kwenye cherehani tangu jana bila kuligusa gitaa, akavuta uzi wa kwanza. Ole wangu! Sauti ikavutika, haijaisha na ya pili imeingia juu yake, na ya tatu, ikawa vurugu tupu. Wachezaji wakapotea miguu. Wageni wa Kabambare wakaanza kuchekeana. Mujomba akajaribu kuzibana nyuzi kwa kiganja, lakini vidole vyake vilikuwa vimezoea ile sponji. Bwana Asumani akasimamisha muziki, akafungua kifuniko mwenyewe.

"Sponji iko wapi?"

Mujomba aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimesimama kando ya Baba, viganja nimevificha nyuma, na nadhani hakuhitaji kuuliza. Nilijua neno moja la kusema, na sikulisema.

"Niliitoa mimi," akasema mujomba. "Nilipangusia cherehani, nikaisahau."

Watu walicheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Gitaa likachukuliwa palepale, wakati bado ana mkanda wake begani, likapewa fundi wa baiskeli. Siku ya pili mujomba alinikuta uani na kibao changu. Aliiangalia sponji, imejaa vumbi la kalamu, akaniangalia mimi. "Soma," akasema, akaenda zake kushona.

Nikasoma. Nikawa mwalimu, nikafundisha watoto wa wenzangu hadi macho yaliponishinda. Yeye alishona sare za shule hadi alipokufa, na gitaa la besi hakulishika tena.

Sasa nawasikia wajukuu. Wakikosana asubuhi, kabla ya adhuhuri wameandikiana kwenye simu "nisamehe", herufi nusu zimeliwa, na kisura cha manjano kinachotoa machozi. Huwa nawacheka: huo nao ni msamaha? Enzi zetu mtoto hakumwambia mkubwa maneno kama hayo, tulimheshimu kwa kunyamaza. Mimi nilimheshimu mujomba wangu hivyo miaka arobaini, nikimpelekea mchele kila mavuno, nikimsalimia kwa magoti. Hawa wangu wanaandika vibaya, lakini wanasema.

Mimi sikumwambia.