Mkono Uliobaki Begani

Habari ya kifo chake ilinikuta sokoni Lushoto, nikichagua peasi. Muuzaji aliniambia bila kuniangalia usoni: "Yule dada fundi cherehani, mumewe kamuua jana. Kwa mpini wa jembe." Nikauliza swali la kijinga tunalouliza wote, kwamba kisa kilikuwa nini. "Eti chakula kimechelewa," akajibu, akaendelea kupanga peasi zake. Mpini ulivunjika, mume akachukua mchi akamalizia. Sasa yuko mahabusu. Nayaandika haya makavu kama nilivyoyasikia, wala sikuombi radhi, msomaji wangu, hata kama chai imekupalia. Marehemu alipambwa vya kutosha akiwa hai, na kwa maoni yangu mapambo yale yalimsaidia muuaji.

Sikuwa ndugu yake, nilikuwa mteja na jirani wa chini ya mteremko. Kwao ni kijiji cha Mgwashi. Aliolewa huku kwetu, akaweka cherehani yake kwenye baraza la duka la jirani. Alikuwa na heshima zote za kilima na ulimi wa kisu. "Shikamoo baba," angeniamkia, kisha angeinua suruali yangu juani. "Hii haijachoka, baba, imekufa. Nishone au nizike?" Tungecheka. Lakini zilikuwapo siku alizoshona akiwa amejitanda kitenge hadi puani, na siku hizo hakuna aliyemtania. Mtaa mzima tulijua, kwa sababu kelele za nyumba ile zilikuwa zikitufikia tukiwa mezani.

Sasa sikia hili. Lilikuja jarida moja la malezi kutoka mjini, lile la karatasi za kung'aa, likitafuta familia ya milimani ya kuweka kwenye jalada. Wakaelekezwa kwake, maana nyumba ilikuwa na maua na mume alikuwa mrefu, mwenye meno mazuri. Nilikwenda kushangaa na majirani wengine. Mume alipewa mwiko asimame jikoni kama mpishi, akaushika kama rungu, nasi tukatazamana. Akapewa mtoto wao mchanga ambebe. Mtoto akalia hadi sauti ikakauka, wakamtuliza kwa sukari. Mke alikuwa na jicho la kushoto lililovimba kama andazi. Dada mpiga picha aliliona, nasema aliliona, kwa sababu alitoa poda mkobani akampaka mwenyewe, polepole, kisha akasema: "Mama, geukia huku, upande huu una mwanga mzuri." Wakamuuliza mume siri ya nyumba yao. "Kusikilizana," akasema. Neno hilo likatoka kwenye jalada kwa herufi kubwa, na chini yake yeye amemwekea mkewe mkono begani.

Huku kwetu mwanamume aliyempiga mkewe hadi akakimbilia kwao hamfuati mikono mitupu. Huenda na mbuzi, akakalishwa mbele ya wakwe na wazee, akasemwa hadi jasho limtoke. Hiyo siyo mahakama, lakini wapo waliowahi kuogopa kusemwa kule kuliko polisi. Miezi michache baada ya jarida kutoka, fundi wetu alikimbilia Mgwashi kwa mama yake, mdomo umepasuka, jino lake amelifumbata. Mume akamfuata. Hakwenda na mbuzi. Alikwenda na jarida, akalitandaza mezani. Wazee wakalipitisha mkono kwa mkono, wakalisifu. Mmoja akamwambia mwanamke: "Mwanangu, mtu anayekupikia hivi, nchi nzima inaona, wewe umemkosea nini?" Akajibu, "Babu, ile ni picha. Jino langu hili hapa." Akafungua kiganja. Yule mzee akatazama kiganja, akatazama jalada, akasema, "Rudi kwa mumeo. Usitutie aibu."

Haya alinisimulia mwenyewe huku akikunja pindo la suruali yangu. "Baba, tangu siku ile nikisema napigwa, nashindana na yule mwanamke wa kwenye jarida. Na yeye ni mzuri kuliko mimi, ndiye wanayemwamini." Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, akalikuta jalada limebandikwa ukutani. Hakuomba makubwa. Alitaka mtu mmoja mwenye kauli amwamini, amwambie yule mume basi.

Nimeyasoma majarida haya kwenye mabenchi ya zahanati. Humo hakuna sufuria lenye masizi, hakuna mtoto anayetapika, baba na mama hawajawahi hata kununiana. Mwanamke aliyechoka akiyafunga hujiona yeye ndiye mbovu. Nina hasira nayo, na sioni sababu ya kuificha. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hawa waliingia hadi jikoni, wakaliona jicho, wakalipaka poda.

Tulimzika Mgwashi, mvua ikinyesha. Picha yake nzuri ilikuwa ile moja tu, kwa hiyo vijana walikuwa wamekata uso wake kutoka kwenye jalada, wakauweka kwenye fremu juu ya jeneza. Walimwondoa mume, lakini vidole vyake vinne vilibaki, vimelalia bega la marehemu. Mama wa marehemu aliviona wakati mchungaji akiwa katikati ya sala. Akasimama, akasema kwa Kishambaa, kisha akarudia kwa Kiswahili ili na wageni wasiojua Kishambaa wasikie: "Toeni huo mkono." Mchungaji akakatiza sala. Mmoja wa wale wazee akamsihi, "Mama, tukiukata, bega nalo litakwenda." Mama akachukua mkasi wa mwanawe kwenye kikapu cha cherehani kilicholetwa na vitu vya marehemu, akaitoa karatasi kwenye fremu. "Mlipoletewa jino lake hamkuliona. Leo mnalionea huruma bega la karatasi?" Akakata. Vidole vikaanguka kwenye tope, na bega pamoja navyo, na yule mzee aliinama asijue pa kuweka macho yake.

Msomaji wangu, ipo siku na wewe utakalishwa kuamua ugomvi wa nyumba ya watu. Mwanamume akija na picha, na mwanamke akija na jino, lishike jino.